Kampuni Sita: Chama Kilichowapokea Wachina wa California

Ndugu msomaji, Bruce Lee tunamjua. Ni nani kati yetu hakuwahi kutoka kwenye video ya mtaani akipiga mateke hewani mpaka mlangoni kwao? Lakini hebu waulize wenzako alizaliwa wapi. Wengi watakuambia Hong Kong, kwa sababu ndiko alikokulia. Kumbe alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, wakati baba yake, mwigizaji wa opera ya Kikanton, alipokuwa huko kwa maonyesho. Na hospitali aliyozaliwa haikuwa ya serikali, wala ya wamishonari. Ilikuwa Hospitali ya Wachina, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa nguvu za vyama 15 vya Wachina wenyewe.

Sasa mtu atajiuliza: mji mkubwa kama San Francisco ulikuwa na hospitali zake. Kwa nini wafua nguo, wapishi na wauza mboga wajikamue mpaka wajenge ya kwao? Jibu la swali hilo ni historia ya miaka sabini na zaidi, na ndiyo nitakayoisimulia hapa. Ni historia ya watu waliofika ugenini bila lugha na bila sheria ya kuwalinda, wakashikana mikono. Pia ni historia ya chama kilichowahi kupotea njia, na watu wake wakalipa gharama. Inatuhusu kwa sababu sisi nasi ni watu wa vyama. Tuna cha vijana, cha kina mama, cha mazishi. Kuchanga tunajua. Lakini ni kitu gani kinachokifanya chama kidumu, na ni kipi kinachokiangusha?

MLIMA WA DHAHABU

Januari 1848 dhahabu ilionekana California, mahali paitwapo Sutter's Mill. Habari zilivuka bahari ya Pasifiki zikafika Guangdong, mkoa wa kusini mwa Uchina. Huko hali ilikuwa ngumu. Nchi ilikuwa imetoka kushindwa na Waingereza katika vita vya kasumba vya 1839 hadi 1842, mashamba yalikuwa madogo na watu wengi. Ilipofika 1850 vita vikubwa vya Taiping vikazuka na kuendelea mpaka 1864. Kijana wa kijijini akisikia kuna nchi ambako dhahabu inaokotwa mtoni, atakaa afanye nini? San Francisco wakaipa jina Gam Saan, yaani Mlima wa Dhahabu.

Mwaka 1852 peke yake, Wachina zaidi ya 20,000 waliteremka katika bandari ile. Karibu wote walikuwa wanaume. Wake na wazazi walibaki nyumbani wakingoja pesa. Wengi hawakuwa na nauli. Walikopeshwa, wakaahidi kulipa kwa jasho lao wakifika. Kwa hivyo mtu alishuka melini akiwa tayari na deni mgongoni, na hajui hata neno moja la Kiingereza.

Makaribisho yalikuwa ya kodi. Jimbo la California liliweka mwaka 1852 kodi ya wachimbaji wageni, dola 3 kila mwezi, na mwaka uliofuata ikapandishwa ikawa dola 4. Kisha ikaja kesi ya mwaka 1854, ile inayojulikana kama People v. Hall. Mzungu mmoja, George Hall, alikuwa amehukumiwa kwa kumuua Mchina aitwaye Ling Sing. Ushahidi ulitoka kwa Wachina. Mahakama ya juu ya jimbo ikafuta hukumu ile, ikasema Mchina hana ruhusa ya kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Fikiria maana yake, ndugu yangu. Mtu anaweza kukupora machoni pa wenzako kumi, na wote kumi wasiweze kusema kitu mbele ya hakimu.

NYUMBA YA WATU WA KWETU

Uchina kulikuwa na desturi ya zamani. Mfanyabiashara au msomi akienda mji wa mbali, watu wa wilaya yake hujenga au hukodi nyumba ya kukutania, iitwayo huiguan. Ukifika pale utamkuta mtu wa lafudhi yako. Utakula, utalala, utasikia habari za kwenu. Wachina wa California waliichukua desturi hii nzima nzima wakavuka nayo bahari.

Mwaka 1851 vilianzishwa San Francisco vyama viwili. Sam Yup kilikuwa cha watu wa wilaya tatu zilizo karibu na mji wa Canton, na Sze Yup cha watu wa wilaya nne za kusini magharibi yake. Mwaka 1852 vikafuata Yeung Wo, na Yan Wo cha Wahakka. Mwaka 1853 kundi kubwa la Sze Yup likajitoa na kuanzisha Ning Yeung. Naam, hata huko watu waligombana na kugawanyika, wala si jambo la kwetu peke yetu. Lakini walipoona kwamba adui wa nje hachagui wilaya, wakaanza kukutana. Ilipofika 1862 vilikuwa vyama sita vinavyokaa meza moja. Wazungu wakaviita Kampuni Sita, ingawa havikuwa kampuni za biashara. Jina likanasa. Mwaka 1882 vikaungana kirasmi kuwa chama kimoja cha kusaidiana cha Wachina wote, na mwaka 1901 kikaandikishwa chini ya sheria za California.

Kazi yake ilikuwaje? Meli ikitia nanga, mjumbe wa chama yuko bandarini. Anawaita wageni kwa lugha ya nyumbani, anawapeleka kwenye nyumba ya chama, wanapewa mahali pa kuweka mzigo na kulala. Chama kinawaelekeza kwenye kazi, machimboni au, kuanzia miaka ya 1860, kwenye reli. Ile reli ya kuvuka Marekani, iliyounganishwa huko Utah tarehe 10 Mei 1869, upande wa magharibi ilijengwa zaidi na mikono ya Wachina, maelfu kwa maelfu, wakipasua milima ya Sierra Nevada. Mgonjwa asiye na mtu alitunzwa na chama. Wawili wakigombana kwa deni, wazee wa chama walikaa wakaamua. Na mtu akifa, chama kilimzika.

Lakini tusiwapake mafuta. Waliokalia viti vya chama walikuwa matajiri wenye maduka, na mara nyingi aliyekukopesha nauli ndiye huyo huyo anayeamua kesi yako ya deni. Mtu akitaka kurudi Uchina, ilibidi apitie chamani kwanza. Vitabu vinafunguliwa, anaangaliwa kama anadaiwa, analipa ada, ndipo anapewa cheti. Kampuni ya meli ya Pacific Mail ilikuwa na mapatano na vyama kwamba asiye na cheti hapandi. Kwa hivyo chama kilikuwa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na funguo zote zilikuwa mfukoni mwa watu wachache.

KUFUA NGUO MPAKA MAHAKAMA YA JUU

Dhahabu ilipopungua na reli ilipokwisha, kazi zikawa haba na chuki ikaongezeka. Mwaka 1876 Kampuni Sita ziliandika waraka kwa Rais Ulysses Grant kujibu wale waliokuwa wakidai Wachina ni watumwa walioletwa kwa nguvu. Waraka haukuzuia kitu. Tarehe 6 Mei 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani kwa miaka kumi, na sheria hiyo hiyo ikasema Mchina hapewi uraia.

Hapo ndipo chama kilipogundua silaha mpya. Kura hawakuwa nayo, bunduki hawakuwa nayo, lakini mahakama ilikuwapo, na katiba ya Marekani ilizungumza habari ya kila mtu, haikusema kila raia. Wakaanza kuchanga kwa ajili ya mawakili.

Kesi iliyo mashuhuri zaidi ni ya madobi. Mwaka 1880 baraza la mji wa San Francisco lilipiga marufuku nyumba za dobi katika majengo ya mbao isipokuwa kwa kibali cha baraza. Ukiisoma, ni kanuni ya kuzuia moto, haina ubaya. Lakini Wachina wapatao 200 waliomba kibali wakanyimwa, na wasio Wachina wapatao 80 wakaendelea na kazi katika majengo ya mbao yale yale. Chama cha madobi, kiitwacho Tung Hing Tong, kikasimama nyuma ya kesi. Mwenye dobi mmoja, aliyejulikana kortini kwa jina la duka lake, Yick Wo, alikuwa amefua nguo mahali pale kwa miaka 22. Tarehe 10 Mei 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikasema kwamba sheria inayoonekana ya haki kwenye karatasi lakini inayotekelezwa kwa jicho baya ni dhuluma, na kwamba ulinzi wa katiba ni wa mgeni pia. Mpaka leo wanafunzi wa sheria duniani wanaisoma kesi hiyo, na aliyeilipia ni mtu wa pasi na sabuni.

DOLA MOJA KILA MTU

Sasa tunafika mahali penye uchungu. Mwaka 1888 bunge la Marekani lilifuta vyeti vya kurudia. Mtu aliyekwenda kumsalimia mama yake Uchina, akiwa na karatasi ya serikali inayomruhusu kurudi, akafungiwa mlango. Watu wapatao 20,000 waliachwa nje namna hiyo. Kisha mwaka 1892 ikaja sheria ya Geary. Iliongeza miaka kumi mingine ya marufuku, na ikaamuru kila kibarua wa Kichina aliyekuwa nchini ajiandikishe na kubeba cheti. Asiye nacho atakamatwa na kufukuzwa, na kama anasema alizuiliwa kujiandikisha kwa sababu ya ugonjwa au dharura, basi alete shahidi mzungu. Wazee wetu wa Kenya watakielewa cheti hiki bila kuelezwa. Ni kipande. Kile kile ambacho baadaye mwanamume Mwafrika alivalishwa shingoni katika nchi hii.

Kampuni Sita zikatoa amri kwa Wachina wote wa Marekani: mtu asijiandikishe. Kila mmoja atoe dola 1, tuajiri mawakili wakubwa, tuiangushe sheria hii. Na watu wakatii. Vibarua wa mashambani, wapishi, madobi wa New York, wote wakatoa dola zao na wakakaa bila cheti. Dola moja wakati ule haikuwa pesa ndogo kwa mfua nguo. Kwa hesabu ya leo hatujui tuseme nini juu ya utiifu ule. Zaidi ya watu laki moja, na walioenda kujiandikisha walikuwa wachache tu. Pengine haikuwahi kutokea Marekani kabla ya hapo kwamba watu wengi kiasi hicho wakatae sheria kwa kunyamaza tu.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa tarehe 5 Mei 1893. Siku kumi baadaye, tarehe 15 Mei, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu katika kesi ya Fong Yue Ting. Majaji watano dhidi ya watatu. Wachina wameshindwa. Serikali ina haki ya kumfukuza mgeni inavyotaka.

Ebu jiweke mahali pa yule dobi. Ametoa dola yake. Amesikiliza wazee. Sasa hana cheti, siku zimepita, na polisi anaweza kugonga mlango saa yoyote. Waliomwambia asijiandikishe wana maduka na mawakili. Yeye ana beseni. Kilichowaokoa wengi si chama. Serikali haikuwa na pesa za kuwasafirisha watu wote wale, na mwezi wa Novemba bunge likaongeza miezi sita ya kujiandikisha. Watu wakaenda kimya kimya kupiga foleni, safari hii na picha zao.

Je, kosa lilikuwa kupinga? La. Sheria ile ilikuwa ya dhuluma na kuipinga ilikuwa haki, na kwa maoni yangu ilikuwa wajibu. Kosa lilikuwa kwamba viongozi waliwaahidi watu ushindi kana kwamba wameshaushika mkononi, na hawakuwaandalia njia ya pili ikiwa mambo yatakwenda upogo. Hatari yote waliachiwa wanyonge. Kampuni Sita zikapoteza heshima kwa kishindo. Watu wa Sze Yup wakasusia maduka ya watu wa Sam Yup, na ugomvi ukaendelea kwa miaka kadhaa. Magenge ya siri, yaitwayo tong, yenye kula kwa kamari, kasumba na madanguro, yakapata nafasi na kutamba mitaani. Heshima ya chama ikishatoka, haibaki tupu nafasi yake. Kuna mwingine atakayeikalia, na si lazima awe mwema.

KURUDISHA IMANI

Waliirudishaje? Kwa kazi, si kwa maneno. Kulikuwa na kijana aitwaye Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1873. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya Uchina akazuiliwa bandarini, akaambiwa yeye si raia. Kampuni Sita zikamsimamia na kumtafutia wakili. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua, sita dhidi ya wawili, kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia hata kama wazazi wake hawawezi kuwa raia. Hukumu hiyo imewafaa mamilioni ya watu wa kila rangi. Januari 2025, Rais Donald Trump alipotia sahihi amri ya kuubana uraia wa namna hiyo, jina la mpishi huyu wa Kichina lilirudi kwenye midomo ya mawakili nchi nzima.

Machi 1900 ikagunduliwa tauni katika mtaa wa Wachina wa San Francisco. Mji ukauzingira mtaa kwa kamba na polisi. Lakini angalia mzingo wenyewe: ulikuwa ukipinda kona kuyaacha nje maduka ya wazungu yaliyokuwa kwenye barabara hizo hizo. Kana kwamba tauni inasoma majina ya milangoni! Chama kikaenda mahakamani, na mwezi wa Juni jaji akaamuru mzingo uondolewe. Ni kweli pia kwamba tauni yenyewe haikuwa uongo, na wapo waliowaficha wagonjwa kwa hofu. Mtu aliyezoea kudhulumiwa na daktari wa serikali hatamwamini hata siku anaposema kweli.

Ndipo tunarudi kwenye hospitali. Kwa miaka mingi Mchina mgonjwa alifukuzwa katika hospitali za mji. Mwaka 1900 vyama vikafungua zahanati iitwayo Tung Wah, ikitibu kwa dawa za Kizungu na za Kichina pamoja. Tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili 1906 na moto uliofuata vikaiteketeza pamoja na mtaa mzima. Wakubwa wa mji wakaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwahamishia Wachina pembezoni, Hunters Point. Vyama na wafanyabiashara wakakataa, wakajenga upya haraka pale pale, kabla wengine hawajamaliza kubishana. Zahanati ikafunguliwa tena, ikawa ndogo, michango ikaanza. Na tarehe 18 Aprili 1925, miaka 19 kamili tangu tetemeko, Hospitali ya Wachina ikafungua milango. Haikujengwa na tajiri mmoja. Mpaka leo ipo Jackson Street, na jengo jipya liliongezwa mwaka 2016.

HATA MIFUPA

Jina Tung Wah walilichukua Hong Kong, kwenye hospitali iliyofunguliwa mwaka 1872 kwa pesa za wafanyabiashara wa Kichina. Hospitali hiyo ilikuwa na kazi nyingine ambayo kwetu itaonekana ya ajabu: kupokea mifupa. Wachina wa wakati ule waliamini marehemu apumzike alikozaliwa, mahali ambapo watoto wake watalitunza kaburi. Basi mtu akifa ugenini, alizikwa kwa muda. Baada ya miaka, chama cha wilaya yake kinafukua, kinasafisha mifupa, kinaifunga na kuandika jina, kinaisafirisha mpaka Hong Kong, na Tung Wah inaifikisha kijijini. Vyama vya California vilifanya hivyo, na vya Australia, na vya New Zealand.

Desturi yao si desturi yetu, na dini yao si dini yetu. Lakini amana ni amana. Kibarua maskini kabisa, asiye na ndugu, alijua kwamba akianguka shimoni kuna watu watakaoliandika jina lake.

Kuna kisa cha New Zealand ambacho sikuweza kukiacha. Wachina walifika Otago kuchimba dhahabu katika miaka ya 1860, na kuanzia 1881 walitozwa kodi ya kichwa, pauni 10, iliyopandishwa mwaka 1896 ikawa pauni 100. Chama chao kiitwacho Cheong Sing Tong kilikuwa kimeshawahi kupeleka nyumbani miili 230 mwaka 1883. Mwaka 1902 kikakodi meli iitwayo Ventnor, ikapakia miili 499. Mmoja wao alikuwa Choie Sew Hoy, mfanyabiashara wa Dunedin aliyekuwa kiongozi wa chama na aliyekufa mwaka 1901. Meli ikagonga mwamba, na tarehe 28 Oktoba 1902 ikazama karibu na Hokianga, kaskazini. Watu 13 walikufa maji, na mizigo yote ya majina ikaenda chini.

Miaka ya kuchanga, kufukua na kuandika ikapotea usiku mmoja. Huko Guangdong kina mama waliendelea kungoja. Lakini mifupa mingine ilisukumwa na mawimbi mpaka ufukweni. Wamaori wa Te Roroa na Te Rarawa waliiokota. Hawakujua ni ya nani, hawakuwa na udugu nayo, na hakuna aliyewalipa. Wakaizika kwa heshima karibu na wafu wao wenyewe, wakawasimulia watoto wao. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 2013, vizazi vya Wachina wale walikwenda pale kushukuru na kuweka kumbukumbu. Serikali ya New Zealand nayo iliomba radhi kwa ile kodi ya kichwa mwaka 2002.

VIJANA WALIPOFUNGUA MLANGO WA PILI

Marufuku ya Marekani ilifutwa Desemba 1943, lakini nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Mlango ulifunguka kweli kwa sheria ya 1965. Familia nzima nzima zikaanza kufika, zikabanana katika vyumba vya mtaa wa Wachina, kina mama wakishona nguo kwa ujira mdogo, watoto wakikaa darasani bila kuelewa mwalimu anasema nini. Wazee wa Kampuni Sita wakati huo walikuwa wameshughulika zaidi na siasa za Taiwan. Ukiuliza habari ya shida za mtaani, jibu lilikuwa kwamba Wachina hujitunza wenyewe. Maneno hayo yalikuwa kweli mwaka 1870. Miaka mia baadaye yalikuwa pazia.

Vijana hawakubomoa nyumba ya wazee. Walijenga nyingine kando yake. Mwaka 1966 kikaanzishwa chama cha kuwahudumia wazee, Self-Help for the Elderly. Mwaka 1969 vijana, wengi wao wanafunzi na wahitimu wa vyuo, wakaanzisha Chinese for Affirmative Action kudai haki ya kazi na elimu. Na mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba kumweka mtoto darasani asiloelewa lugha yake, bila kumsaidia, si kumsomesha. Wakati huo San Francisco peke yake ilikuwa na wanafunzi wa Kichina wapatao 1,800 wasiopata msaada wowote wa lugha.

Kampuni Sita bado zipo, makao yao yako Stockton Street. Vyama vya vijana wale navyo bado vipo, na sasa viongozi wake wana mvi.

Ndugu zangu, mwezi huu kikapu cha mchango hakitulii. Cha futari, cha mayatima, cha madrasa, cha mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tunatoa, na tutaendelea kutoa. Lakini yule dobi wa 1893 ana neno la kutuambia. Yeye alitoa dola yake kwa moyo safi, na hakuuliza kitu. Hakuuliza tukishindwa itakuwaje, wala nani atabaki njiani. Siku hizi tukikaa kwenye mkutano wa chama, kijana akisimama kuuliza hesabu, asiambiwe kwamba hana adabu. Na mwekahazina akiulizwa, afungue daftari mbele ya watu, asome jina la aliyetoa shilingi kumi kama anavyolisoma la aliyetoa elfu kumi.